Ile Nati ya Springi ya Nyuma

Mjomba,

Shikamoo. Zamani ulinifundisha kwamba barua huanza na "natumai u mzima wa afya," na leo mkono ulitaka kukimbilia huko kwa mazoea. Nikauzuia. Nilikuwapo walipokufukia, nikatupa udongo wangu kama wengine, kwa hiyo sitakuuliza hali. Nitakupa habari za nyumbani, na nitakwambia ya ile nati, ingawa nadhani unaijua kuliko mimi.

Naandika nikiwa kaunta, kwenye duka la spea, hapa Morogoro mjini. Ni Ijumaa mchana, bosi ameenda msikitini na wateja hawajarudi kutoka kula. Mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, kwa hiyo najua huko Matombo mnanyeshewa. Nimeandika "mnanyeshewa," kama vile na wewe umo. Nimeliacha hivyo hivyo.

Mbele yangu, juu ya kitabu cha risiti, liko lile kopo. Unalikumbuka? Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, niliyokutumia kwa kondakta wa basi. Nililikuta kwenye rafu yako ya vifaa, kati ya msumeno na bati la grisi, na mfuniko wake bado umefungwa nailoni ya dukani. Hukulifungua hata. Siku lilipokufikia ulinipigia simu, na badala ya asante ukaniambia, "Mama, kopo halishiki spana." Nikacheka sana. Nikawasimulia hata wenzangu hapa dukani, tukacheka wote.

Uliniita Mama tangu nikiwa mchanga, kwa sababu nilirithi jina la bibi, mama yako. Nikiwa mdogo nilikuwa naona aibu, mtu mzima mwenye ndevu kuniita mama mbele ya watoto wenzangu. Baadaye nikazoea, tena nikawa naringa. Nikikosea ulikuwa huwezi kunichapa. Ulisema mtu hamchapi mama yake, kisha ukanipa kazi mbaya kuliko fimbo.

Kama ile ya bolti ya gurudumu. Nilikuwa darasa la sita, nimekuja likizo kwako kama kawaida, tunabadilisha tairi la pikapu pale uani. Nati moja ikakataa. Ukaniambia niiache, twende tukanywe chai. Ulipoingia ndani mimi nikachukua lile bomba lako la kurefusha spana, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Ikalia paa, nikaanguka na bomba langu. Nati haikufunguka, bolti ndiyo iliyokatika. Ukatoka na kikombe mkononi, ukatazama, ukaokota kile kipande, ukanipa. Ukasema nitembee nacho kwenye mkoba wa shule muhula mzima, mpaka nijifunze kusubiri. Nilitembea nacho. Ninacho hadi leo, nakandamizia karatasi hapa kaunta feni inapowaka.

Ulikuwa na sheria moja tu kwa nati iliyogoma, na nimewafundisha wateja wangu wote, ingawa wengi wanaiona kichekesho. Hodi kwanza. Unasugua kutu kwa brashi ya waya, unadondosha oili yenye dizeli kidogo, halafu unaigonga nati ubavuni kwa nyundo ndogo, taratibu, mara tatu. Hodi, hodi, hodi. Kisha unaijaribu, tena kwa kuikaza kwanza, unywele tu, ndipo uirudishe. Isipoitika, unaondoka. "Mgeni aliyepiga hodi mara tatu hakuitikiwa, havunji mlango," ulisema. "Anakwenda zake, anarudi siku nyingine." Nati nyingine ulizipigia hodi wiki nzima. Majirani walikuwa wakipita na mikungu yao ya ndizi wanakuuliza, "Mzee, wenyewe wapo?" nawe unajibu kutoka chini ya gari, "Wapo, wanavaa!"

Nilijifunza vizuri kuzisubiri nati, Mjomba. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nasubiriwa.

Masika haya, springi ya nyuma ya pikapu ilipokatika kwenye lile korongo chini ya misheni, mimi ndiye mtu wa kwanza uliyempigia simu. Nikakutafutia springi nyingine humu dukani siku hiyo hiyo, nikaipandisha kwenye basi. Kwenye mambo ya kutuma mimi sijambo. Ukapandisha gari kwenye mawe, ukaanza kufungua, ukakutana na ile pini inayoishikilia springi. Ulinieleza kwa simu kana kwamba siijui. Pini ile ni bolti nene, kichwa chake kiko ndani na nati iko nje. Anayezungusha nati yuko upande huu, kichwa nacho sharti kishikwe upande ule, la sivyo vinazunguka vyote pamoja mpaka kesho. Ukasema, "Mama, njoo unishikie spana."

Nikasema Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa tunahesabu mali dukani. Hiyo ni kweli tupu, bosi alitufungia ndani mpaka jioni. Jumamosi ya pili kulikuwa na kitchen party ya binti wa jirani, nami nilikuwa kwenye kamati ya chakula. Hiyo nayo ni kweli, ila ningeweza kuaga. Ya tatu nilikwambia mvua imeharibu barabara. Wewe uliye huko ukasema, "Huku jua linawaka, Mama. Lakini sawa." Ya nne nilisema nina malaria. Nilikuwa nasuka. Simu yako ilinikuta nimekaa sakafuni kwa msusi, kichwa nusu, nikakohoa kidogo ili ionekane. Msusi akanitazama. Malaria haina kikohozi. Jumatatu yake ndipo nilipokutumia kopo.

Kila ulipopiga nilikuuliza, vipi ile nati? Nawe ukajibu, "Bado imegoma. Ina kiburi hii." Nikawa nakupa maarifa, mimi wa kaunta, nakupa maarifa wewe! Ongeza dizeli. Gonga zaidi. Jaribu dawa.

Alhamisi ya wiki ile asubuhi kifua kilikubana. Mama Regina, mkeo, amenisimulia mara moja tu na sitamwomba arudie. Umekaa kitandani unataka viatu, na ulipopata viatu ukauliza ufunguo wa gari. Umesahau kwamba gari liko juu ya mawe. Wewe, Mjomba! Gari lililobeba wajawazito wa kitongoji kizima kwenda hospitali ya misheni, usiku na mchana, likasimama uani gurudumu moja halipo, na mwenyewe ukapandishwa pikipiki ya Beda, yule kijana wa jirani, katikati, Mama Regina nyuma yako amekukumbatia usianguke. Mshikaki, kwenye utelezi ule. Mara mbili walishuka wakakusaidia kutembea pale pikipiki ilipokwama. Ulifika unapumua. Kabla ya adhuhuri ukaondoka.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba huenda hata gari lisingesaidia. Huenda. Naamka na neno hilo nalala nalo. Hakuna aliyenilaumu, si Mama Regina, si Beda, si Regina aliyesafiri siku mbili kutoka kwa mumewe kuja kumzika baba. Wangenilaumu ningejua pa kujitetea.

Ila watani hawakuniacha. Ungefurahi, na ndiyo maana nakusimulia. Siku ya mazishi, watu wamejaa uani, wanawake tumekaa kwenye mikeka, akatokea yule mtani wako mama mnene kutoka ng'ambo ya mto, amevaa ovaroli yako na kofia yako, amejipaka masizi mpaka kwenye masikio. Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akalala chali, akajisukuma chini miguu tu ikabaki nje, ile miguu yako jinsi ulivyokuwa ukiipishanisha. Akapaza sauti, sauti yako kabisa: "Mama! Njoo unishikie spana! Ni Jumamosi hii au ya mwakani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Regina alicheka machozi yanamtoka, akapiga mapaja. Mtani hanuniwi, najua, ni kazi yake kumrudisha marehemu kidogo ili watu wapumue. Nami nikacheka, meno yote nje. Kisha nikajifanya nafuata maji, nikazunguka nyuma ya jiko, nikajikunyata kwenye kuni nikang'ata khanga. Kumbe kila mtu alijua. Ulikuwa ukiwaambia wapita njia, "Namsubiri Mama yangu, anakuja Jumamosi." Kijiji kizima kilikuwa kinazihesabu Jumamosi zangu.

Arobaini ilipofika nilikuja siku moja kabla, nikaomba ruhusa ya kukaa mpaka Jumapili. Shughuli ikaisha vizuri. Padri alifika, wali ulitosha, mvua ilitusubiri mpaka watu wakatawanyika. Asubuhi yake, Jumamosi, nikavaa suruali yako ya kazini nikakunja miguu mara tatu, nikatoa spana zako kwenye lile gunia. Mama Regina akaleta kigoda akakaa upande wa nje, bila kuniuliza nafanya nini. Nikaingia chini.

Siwezi kukwambia ilivyokuwa kulala pale. Udongo una umbo la mgongo wako. Kile kigae chako cha oili bado kipo, kimejaa vumbi na siafu mmoja amekufia ndani. Nikachukua nyundo ndogo, nikagonga. Hodi. Hodi. Hodi. Nilisema kwa sauti, sikuona haya. Nikapeleka mkono upande wa nje, nikaweka spana kwenye nati, nikakita mguu kwenye tairi lililobaki ili nipate nguvu, nikavuta kwa hasira yote ya siku arobaini.

Spana ikazunguka bure. Nikajigonga kiwiko kwenye chuma cha chesesi mpaka nikaona nyota.

Nati haikuwa imekaza. Nikaishika kwa vidole viwili, ikaja. Nikaendelea kuizungusha, ikaja laini mpaka ikatoka mkononi mwangu. Nikaichungulia ndani. Haikuwa na kutu hata chembe. Meno yake yamesuguliwa yanang'aa, yamepakwa grisi mpya mpaka ndani kabisa, mahali ambapo tone la oili haliwezi kufika nati ikiwa imefungwa. Mimi ni mtu wa nati, Mjomba. Nauza nati siku sita kwa wiki. Nilijua ninachokiona, na bado nililala pale nikiitazama kama mjinga.

Nikamwita Mama Regina. Akainama kwenye kigoda chake, akaiona iko kwenye kiganja changu. Akasema, "Aliifungua wiki ya pili." Ulibana spana ya ndani kwa kipande cha mninga, akasema, ukazungusha ya nje peke yako, ikatoka. Yeye akashangilia, akakwambia sasa ufunge springi gari litembee. Wewe ukaipaka grisi, ukairudisha kwa vidole, ukaja kukaa naye jikoni. Alipokukaripia ulimjibu, "Nati imefunguka, lakini Mama hajafika." Ukamkataza asiniambie. Beda naye alikuja mara mbili kujitolea kusaidia, ukamrudisha.

Nitakwambia ukweli, maana barua hii hatasoma mwingine. Nilikukasirikia. Nikiwa nimelala chali kwenye udongo wako nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Ulikuwa na akili gani? Gari la watu wote, gari lako mwenyewe, umelifunga juu ya mawe kwa ajili ya kunivizia mimi? Si ungesema tu? Ungesema, "Mama, nimekukumbuka, njoo unione." Maneno hayo ni mazito kiasi gani?

Halafu hasira ikaniishia, kwa sababu najua ningejibu nini. Ningesema, na mimi nimekukumbuka, Mjomba, kisha ningekutumia vocha ya simu na kilo mbili za sukari kwa kondakta. Ulinijua. Ulijua kwamba kwa mapenzi siji, labda kwa kazi nitakuja. Na mbinu ile ya kubana spana kwa kipande cha mti, ni wewe uliyenifundisha, pale pale uani. Nilikuwa naijua siku zote nne ulizonipigia. Ningefikiri dakika moja tu ningegundua kwamba nati haikunihitaji. Sikufikiri, maana ningefikiri ningelazimika kujua ni nani anayenihitaji.

Kwa hiyo tulidanganyana sisi wawili. Wewe na nati yako, mimi na malaria yangu. Ila wewe uongo wako ulikuwa wa kuniita, wangu ulikuwa wa kukukimbia, na siwezi kuuweka wote kwenye mzani mmoja.

Springi tuliifunga siku ile ile. Beda alishika spana ya ndani na mimi nikazungusha ya nje, na Mama Regina akatusimamia akitoa amri kama wewe. Nati niliipaka grisi tena kabla ya kukaza. Ulisema mfunga nati amfikirie atakayekuja kuifungua, hata kama hamjui. Tukaliteremsha gari kwenye mawe, likawaka mara ya tatu likatoa moshi wake ule mweusi, kuku wakakimbia, na Mama Regina akajifunika uso kwa upande wa khanga. Sasa Beda ndiye dereva. Wiki iliyopita alimpeleka mke wa mwalimu misheni, amejifungua salama, wa kike. Maneno yako uliyoandika nyuma ya gari, KAWIA UFIKE, yamepauka, herufi mbili hazisomeki. Beda anataka kuandika mengine ya kisasa. Nimemkatalia. Nitayapaka upya mimi mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekawia nisifike.

Hiyo ndiyo habari yote. Hili kopo sitalirudisha kwenye rafu ya kuuza wala sitalitupa. Litakaa hapa kaunta, karibu na kile kipande cha bolti.

Pumzika, Mjomba. Mwombee na huyu Mama yako asiye na akili. Sitakuahidi makubwa, kwa sababu unajua ahadi zangu za Jumamosi. Nitakuahidi hii moja tu.

Jana Mama Regina alinipigia simu. Amesema komeo la mlango wa jikoni limeshika kutu, limegoma kabisa, halivutiki, na mikono yake haina nguvu. Akauliza kama naweza kuja kumsaidia.

Komeo lile nililipaka oili kwa mkono wangu, siku ya arobaini. Linateleza lenyewe ukiligusa.

Nimemwambia asimwite Beda. Basi la kwanza linaondoka kesho Jumamosi, asubuhi na mapema, nami nguo nimeshapanga.

Ni mimi,
Mama yako.